Mtoto Aliliaye Wembe

Wazee waliosema kuwa mtoto akililia wembe apewe hawakuwa watu wakatili. Walijua kuwa makatazo ya mlezi aghalabu huingilia sikio hili yakatokea sikio lile, lakini kovu dogo la kidole hukaa na mtu maisha yake yote. Methali yao imekuwa kimbilio la wazazi waliochoka kukataza, na hapana shaka imewapa wengi faraja. Walakini methali ni kama dawa: ina ugonjwa wake na ina kipimo chake. Mtu anayeitumia kwa kila ugonjwa huenda akaua pale alipotaka kuponya. Yafaa basi kuuliza wembe una sifa gani hata uweze kuaminiwa kuwa mwalimu wa mtoto, na kama vyombo vyote ambavyo mtoto hulilia vina sifa hizo.

Wembe hufundisha kwa sababu ya mambo matatu. Kwanza, jeraha lake ni la papo hapo. Mtoto hukatwa na hulia katika dakika moja, wala hana haja ya kuelezwa sababu ya maumivu yake. Pili, jeraha lake huonekana. Damu haifichiki, na mama huiona hata kama mtoto ananyamaza kwa hofu. Tatu, jeraha humpata yule yule aliyeshika wembe. Kosa na adhabu hukaa katika mkono mmoja. Mahali penye mambo haya matatu, maumivu ni mwalimu mwenye insafu. Mahali yasipokuwapo, maumivu si mwalimu tena. Ni msiba tu.

Wembe ambao mtoto wa siku hizi huulilia ni kompyuta. Huuona katika mkono wa baba kwa sura ya simu, katika meza ya karani, katika duka, katika hospitali na katika mchezo wa jirani. Huulilia kama watoto wote walivyolilia kila kitu kilichoshikwa na wakubwa. Swali la kumpa au kumnyima limetoka nyumbani likaingia shuleni, na kutoka shuleni likaingia katika mabaraza ya serikali. Afrika Mashariki imelijibu swali hili kwa majibu mawili yaliyo mbalimbali kama kusi na kaskazi.

Jibu la kwanza lilikuwa kuuficha wembe. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Jibu la pili lilikuwa kuutoa. Mwaka 1974 ulipokwisha kuwa na umri wa miaka 48, yaani mwaka 2022, serikali ya nchi hiyo hiyo ilihesabu watu wake kwa vishikwambi, na sensa ilipokwisha vishikwambi hivyo viligawiwa walimu. Jirani zao wa Kenya walikuwa wamekwisha kwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 wananchi waliahidiwa katika kampeni ya uchaguzi kwamba kila mtoto anayeanza shule ya msingi ya serikali angepata kipakatalishi. Ahadi ilichelewa kwa mashauri ya zabuni, na ilipotimizwa, kuanzia mwaka 2016, vipakatalishi vya watoto vilikuwa vimegeuka kuwa vishikwambi. Hata hivyo kazi iliyofanyika haikuwa haba. Vyombo zaidi ya milioni 1 vilifikishwa katika shule zaidi ya 20,000, na shule nyingi zilivutiwa umeme kwa sababu ya mpango huo. Hakuna mtu mwenye haki awezaye kuidharau juhudi kubwa kama hiyo.

Lakini chombo kufika shuleni ni jambo moja, na elimu kumfikia mtoto ni jambo la pili. Kati ya mambo hayo mawili kuna safari, na katika safari hiyo kuna mashimo mawili: shimo la hofu na shimo la uzembe.

Shimo la hofu lina sura ya kabati. Chukua mfano wa mwalimu mkuu wa shule ya kijijini aliyepokea vishikwambi mia moja na kutia saini kwa kila kimoja. Ametakiwa atie nondo katika madirisha na kufuli katika mlango, naye ametii. Ana walimu wachache, na miongoni mwao wapo ambao hawajapata kushika chombo cha namna hiyo. Anajua kuwa kishikwambi kikianguka kitavunjika, kikichukuliwa nyumbani huenda kisirudi, na siku ya hesabu jina lake ndilo litakalosomwa. Basi anakifunga. Wageni wakija, vishikwambi hutolewa, hufutwa vumbi, watoto huketishwa mbele yake na kupigwa picha. Wageni wakienda zao, ufunguo hurudi mfukoni. Mwaka hupita, watoto wa darasa la kwanza huwa wa darasa la pili, na wembe haujamkata mtu wala kumnyoa mtu.

Je, mwalimu huyu ni mwovu? Kumlaumu ni rahisi, lakini si haki. Yeye ni mtu mwaminifu katika utaratibu ambao huuliza swali moja na kusahau la pili. Utaratibu humwuliza: viko wapi vyombo ulivyokabidhiwa? Haumwulizi: ziko wapi saa ambazo watoto walistahili kuvitumia? Chombo kilichopotea huandikwa katika daftari; siku iliyopotea haiandikwi popote. Chombo kina bei na nambari; siku ya mtoto haina bei wala nambari, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa haikuibwa. Hapa pana kosa la maadili lisilo na mkosaji mmoja. Waliotoa wametoa, aliyetunza ametunza, na mtoto, ambaye kila kitu kilifanywa kwa jina lake, hakupata kitu. Amana iliyofungwa mpaka ikaharibika kwa kutotumika haikutunzwa. Imepotezwa kwa njia ya heshima.

Shimo la pili, la uzembe, lina sura ya mlango ulioachwa wazi. Wapo watu wema wanaoamini kuwa mtoto akipewa chombo atajifundisha mwenyewe, kwa kuwa vidole vyake vyepesi na akili yake haina woga. Imani hii ilijaribiwa katika nchi ya Peru, ambako watoto wa shule za msingi vijijini waligawiwa vipakatalishi vidogo chini ya mpango uliotaka kila mtoto awe na chake. Wataalamu wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walichunguza shule 319, na mwaka 2012 walitoa matokeo. Vyombo vilikuwapo na vilitumika. Watoto walionyesha dalili za kuendelea kidogo katika baadhi ya mazoezi ya jumla ya akili. Lakini katika hesabu na lugha hapakuonekana faida yoyote. Jambo hili halipaswi kushangaza watu. Mtoto aliyepewa jembe bila shamba hajawa mkulima, na aliyefungiwa katika chumba cha vitabu bila kufundishwa herufi hatoki hali akisoma.

Na kama hasara ingekuwa hiyo tu, ya kutojua hesabu zaidi, ingevumilika. Hasara kubwa ni ile ambayo methali ya wembe haikuitazamia. Jeraha la kompyuta si la papo hapo. Mtoto anayetoa leo jina lake, sura yake na mahali anapokaa kwa ajili ya kupata mchezo hahisi maumivu. Huenda akayahisi baada ya miaka kumi, au asijue kamwe maumivu yake yametoka wapi. Jeraha lake halionekani. Mtoto aliyetishwa au kudanganywa na mtu asiyemjua hana damu kidoleni, na mama humwona ameketi kimya akashukuru kuwa mwanawe ametulia. Tena jeraha hilo aghalabu si lake. Mtoto anayerusha picha ya kumfedhehesha mwenziwe hucheka, na anayelia yuko nyumba ya pili. Sifa tatu zilizoufanya wembe kuwa mwalimu hazimo hata moja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 juu ya ulinzi wa data imeona jambo hili, ikataka idhini ya mzazi au mlezi kabla habari za mtoto hazijatumiwa. Sheria ni ukuta mzuri, lakini ukuta haufundishi mtu kutembea.

Ikiwa kuficha ni kosa na kuachia ni kosa, imebaki njia moja, nayo ni ngumu kuliko zote mbili: kufundisha. Lakini kufundisha nini? Watu wengi hudhani kuwa elimu ya kompyuta ni kujua mahali pa kubonyeza. Hilo ni kosa. Mahali pa kubonyeza hubadilika kila mwaka. Aliyejifunza hilo peke yake huzeeka kabla ya kumaliza shule. Kitu kisichobadilika ni tabia ya chombo chenyewe, na tabia hiyo yaweza kusemwa kwa maneno machache: kompyuta hutii bila kuelewa. Huambiwa, ikafanya. Haiulizi kama lililoambiwa ni la kweli au la uongo, la haki au la dhuluma. Hata zile mashine za siku hizi zinazojibu maswali kwa maneno matamu kama mtu aliyesoma zimeundwa na watu, kwa maandishi yaliyokusanywa na watu, kwa shabaha iliyochaguliwa na watu.

Elimu ya namna ya kuamuru si ngeni wala si ya taifa moja. Neno algoriti, yaani hatua zilizopangwa za kufikia jawabu, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hesabu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Mvulana wa pwani anayecheza bao huishi ndani ya algoriti bila kuijua kwa jina. Ana mashimo 32 na kete 64. Anajua kuwa kete husambazwa moja moja, kwamba ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete mchezo huendelea, na ikiangukia shimo tupu amelala. Kabla hajagusa kete amekwisha kuona akilini hatua tano za mbele. Mwalimu anayejua bao ana ubao wa somo la kompyuta chini ya mwembe wake.

Kwa hiyo ukosefu wa mashine si udhuru wa kutosha. Tangu miaka ya 1990 walimu wa nchi ya New Zealand na wenzao wameeneza namna ya kuwafundisha watoto misingi ya kompyuta bila kompyuta. Watoto watano husimamishwa mstari mmoja, kila mmoja na kadi yake: 16, 8, 4, 2 na 1. Kadi huonyeshwa au hufichwa. Mwalimu akitaka 13, wenye 8, 4 na 1 huonyesha, wenye 16 na 2 huficha. Kwa kadi hizo tano darasa huweza kuandika kila nambari kutoka 0 mpaka 31, na mtoto wa miaka minane huelewa jinsi mashine inavyohifadhi hesabu zote za dunia kwa ishara mbili tu, kuwapo na kutokuwapo. Katika zoezi jingine mtoto mmoja hufungwa kitambaa machoni na mwenziwe humwongoza kwa amri mpaka mlangoni. Amri ikikosewa, mtoto hugonga dawati. Darasa hucheka, lakini mtoa amri hacheki sana, kwa sababu amejua kuwa kosa si la aliyegonga dawati.

Katika kicheko hicho ndimo lilimo somo kubwa kuliko yote. Mtoto ameonja, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, uzito wa amri. Kila siku yeye huamriwa: na mama, na mwalimu, na kaka. Amezoea kutii na kuweka lawama kwa aliyemtuma. Sasa yeye ndiye anayetuma, na anayetumwa hana akili ya kumsahihisha. Seymour Papert, aliyeshiriki mwaka 1967 kuunda Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, alitetea maisha yake yote kwamba mtoto aiongoze mashine badala ya kuongozwa nayo. Jambo hili hutazamwa kama shauri la ualimu. Ni zaidi ya hivyo. Ni shauri la maadili. Anayejua kuwa mashine haielewi hawezi kuitupia dhambi zake.

Haja ya somo hili huonekana katika kila ofisi. Bibi kizee huenda kudai haki yake, akaambiwa dirishani kuwa kompyuta imekataa. Huinama, hukunja karatasi zake, hurudi kwao. Lau angekuwa ameambiwa kuwa karani amekataa, angeuliza sababu. Lau angeambiwa kuwa mkubwa amekataa, angeomba kumwona. Lakini kompyuta! Kompyuta kwake ni kama mvua, ambayo ikinyesha au isiponyesha haishitakiwi. Waama kompyuta haikukataa kitu. Mtu fulani, mahali fulani, aliandika amri kuwa asiye na nambari fulani asilipwe, na hakufikiri kuwa yuko bibi kizee asiye na nambari. Amri ya mtu imevaa joho la mashine, ikawa haina mwenyewe. Taifa ambalo watoto wake hawakufundishwa kuuliza ni nani aliyeandika amri litatawaliwa na watu wasioonekana, nalo litadhani linatawaliwa na vyuma.

Hoja za upinzani zipo, na nyingine zina nguvu. Wako wasemao kuwa shule isiyo na madawati, vyoo na vitabu haistahili kuzungumziwa habari za kompyuta. Hoja hii ni ya kweli katika fedha, na si ya kweli katika elimu. Ikiwa fedha ni za kitu kimoja tu, choo na kitabu vitangulie. Mtoto mgonjwa na asiyejua kusoma hatasaidiwa na kioo kinachong'aa. Lakini kadi tano za karatasi na kitambaa cha kufunga macho havigombanii fedha na madawati. Maskini ananyimwa mashine na ufukara. Asinyimwe maarifa na walimwengu. Wako wengine wasemao kuwa umri ni mdogo mno. Watoto wa Uingereza huanza kufundishwa maana ya algoriti wakiwa na miaka mitano, tangu mtaala mpya wa Septemba 2014, na hakuna kitu katika ubongo wa mtoto wa Kigoma au Garissa kinachomzuia kuelewa kile anachokielewa mtoto wa London.

Hoja ya tatu ni ya lugha, nayo yataka kusikilizwa na wale hasa ambao kazi yao ni Kiswahili. Wasomi wameshindana miaka mingi kama chombo hiki kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Mashindano hayo yana faida yake, lakini mtoto hangojei mshindi. Anachohitaji ni kuweza kusema kwa ulimi wake mwenyewe: ikiwa hivi, fanya vile; rudia mpaka itimie; la sivyo, simama. Maneno haya ni Kiswahili safi, na ndiyo mifupa ya kila programu duniani. Scratch, programu ya watoto iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, yaweza kutumika kwa Kiswahili. Mtoto anayepokea amri za kompyuta kwa lugha asiyoimiliki hujifunza kuiga. Anayezitunga kwa lugha yake hujifunza kufikiri.

Dalili njema hazikosekani. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo mpangilio wa miaka hiyo una fundisho lake: vyombo vilianza kufika mwaka 2016, na mtaala ulikuja miaka sita baadaye. Wembe ulitangulia, mkono wa kuuongoza ukafuata. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka ule alikuwa amekwisha kuvuka miaka yake myembamba kabla hapajakubaliwa afundishwe nini. Haikuwa nia mbaya. Ilikuwa desturi ya binadamu ya kutoa kwanza kile kinachoweza kuhesabiwa. Vyombo huhesabika. Mwalimu aliyeelewa hahesabiki kwa urahisi, wala hapakiwi katika sanduku, lakini bila yeye sanduku ni mzigo tu.

Basi walezi wa zama hizi hawalazimiki kuitupa methali ya wazee. Wanalazimika kuisoma mpaka mwisho wake usioandikwa. Hapana mzee aliyempa mtoto wembe akaenda shamba. Alimpa, akaketi karibu, akatazama mkono. Na mtoto aliyekatwa kidole alifungwa kitambaa na yule yule aliyempa, akaonyeshwa namna ya kushika mpini bila kugusa makali, mpaka siku moja akaweza kumnyoa babu yake bila kumwaga tone la damu. Siku hiyo haki ya kushika wembe ikawa yake, kwa kuwa kichwa cha mtu mwingine kimeweza kukaa salama chini ya mkono wake.